Shaba Bila Vanishi

Nyumbani kwetu Ruashi, katika mji wa shaba wa Katanga, watoto tulikatazwa mambo mawili: kuchezea ndoo ya lami ya Baba, na kumgusa Mama ukutani.

Mama ukutani lilikuwa bamba la shaba. Baba alilifua mwenyewe kwa nyundo na tindo, mwaka ule ule aliofariki mama yangu. Mama alikwenda hospitali kumzaa mdogo wangu. Aliingia akitembea kwa miguu yake, mtoto akatoka salama, kisha homa ikamkamata hukohuko kitandani na baada ya siku chache wakamrudisha amebebwa. Nilikuwa na miaka mitano. Watu wazima walisema ni homa ya uzazi, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kuulizwa. Baba alichukua nyundo yake. Alikwenda nyuma ya nyumba, akalaza karatasi ya shaba juu ya lami inayoishikilia isicheze, akaanza kugonga. Alipomaliza, Mama alikuwa amesimama mbele ya kinu anatwanga sombe, majani ya muhogo, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kushoto kama alivyokuwa akifanya kweli, na mchi wake mrefu umepita mbele ya kifua.

Bamba lile lilipakwa vanishi mara mbili na kupigiliwa sebuleni. Nilipokuwa na miaka saba nilipanda kiti nikamgusa shavu. Baba aliingia wakati huohuo. Alinichapa kiganja, akapangusa bamba kwa shati lake, halafu akakaa kwenye kile kiti nilichokuwa nimepanda mpaka chakula kikaiva.

Ninaeleza haya kwanza ili msomaji aelewe Baba ni fundi wa aina gani. Babu alitoka Maniema na ufundi wake mikononi, akafua masinia na birika za wafanyabiashara wa Kiislamu wa mjini. Baba akafua mabamba ya ukutani: tembo, wanawake wa kinu, ramani ya Katanga. Watu waliyanunua kwa ajili ya arusi, kwa ajili ya mzee anayestaafu mgodini, kwa ajili ya mgeni anayepanda ndege. Na kila kitu kilichotoka mkononi mwake kilimalizwa kwa vanishi. Kwake shaba isiyopakwa vanishi ilikuwa kazi haijakwisha, ni sawa na kumpeleka bibi arusi kanisani akiwa na mtandio wa jikoni. Mfano huo ni wake, ingawa yeye mwenyewe huenda msikitini.

Mimi niliacha nyundo nikawa muuguzi. Wengine walisema nimefanya hivyo kwa sababu ya Mama, na sikuwabishia. Nafanya kazi katika hospitali ndogo hapahapa Ruashi, upande wa watoto wachanga. Chumba chetu kina vitanda sita vidogo vya chuma, kabati moja la dawa, bomba moja la maji na mlango mmoja unaosukumwa na kila mtu anayeingia.

Miaka michache iliyopita tulimpoteza mtoto mmoja wa kiume ambaye sijamsahau. Mama yake aliuza unga wa mahindi karibu na kituo cha mabasi. Mtoto alizaliwa mdogo, lakini alikuwa ananyonya, analia, anakunja ngumi. Siku ya tano aliacha kunyonya, siku ya saba akatutoka. Maambukizi, tukaandika. Mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mama, iko wapi alikamata hii bugonjwa, na hajatoka inje ata siku moya?" Damu ilinichemka wiki nzima. Nilikuwa nanawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, lakini niliona vizuri kwamba baada ya kunawa nashika kitanda, nashika kabati, nasukuma mlango, na mlango ule umesukumwa na mikono mia ambayo haikunawa.

Ndipo daktari mmoja akaja kutoka chuo kikuu kutufundisha usafi. Mengi aliyosema tulikuwa tunayajua. Mwishoni, akiwa anakunja nyaya za mashine yake ya picha, akasema kama jambo la pembeni tu kwamba vijidudu vikiangukia juu ya plastiki au chuma vinaweza kukaa siku nyingi vikisubiri mkono wa kuvibeba, lakini vikiangukia juu ya shaba havidumu. Baada ya saa chache vingi vimekufa. Akasema mafundi na waganga wa zamani waliliona jambo hilo kabla hata ya kujua kijidudu ni nini.

Nilisimama nikiwa na daftari mkononi. Shaba! Mji huu umejengwa kwa sababu ya shaba. Malori yanapita mbele ya geti la hospitali yetu usiku na mchana yamebeba shaba kuelekea mpakani, vumbi lake tunalipangusa madirishani, na sisi humo ndani tunawalaza watoto kati ya plastiki na rangi inayobambuka. Nilimwuliza daktari kama ni kweli au ni hadithi. Akasema ni kweli, ila haiondoi sabuni, ni msaada tu juu ya sabuni. Msaada ndio niliokuwa nautafuta. Hakusema neno juu ya vanishi. Kwa nini aseme? Nani duniani angefikiria kupaka vanishi kitanda cha mtoto, kama si sisi?

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mganga mkuu wa hospitali yetu. Ni mtu mpole mwenye ulimi mkali, mtoto wa mfanyakazi wa reli, wazazi wake walitoka Mitwaba. Alinisikiliza akicheka.

"Mukuba?" akasema, kwa jina la zamani la shaba ambalo wazee bado wanalitumia. "Shiye tunalala juu ya mukuba, tunaamuka juu ya mukuba, sasa unataka tuiweke mpaka ku bitanda ya batoto?"

"Dokta, unipatie chumba moya tu. Moya."

"Bataiiba."

"Baibe. Papa atafanya ingine."

Aliacha kucheka akaniangalia vizuri. Alijua kwamba sitatoka ofisini kwake. "Bon. Mpaka mvula ikatike. Lakini ikiniletea matata, nitaitosha, nitaiondoa yote, tunarudisha plastiki, na siku ile usiniongeleshe tena juu ya mukuba. Na mikono?"

"Mikono tunaendelea kunawa, Dokta. Hii haiko ya kuacha sabuni."

Baba wakati huo alikuwa hajapata kazi kwa muda mrefu. Watu wa hoteli waliacha kununua mabamba, vijana wanapeana simu kwenye arusi, na macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu pembeni. Nilipomweleza, alikwenda chumbani, akavuta kutoka chini ya kitanda mabomba ya shaba aliyokuwa ameyahifadhi tangu nyumba fulani ya zamani ilipobomolewa, na karatasi moja ya shaba, ya mwisho.

"Ni bintu ya kugusa?" akaniuliza.

"Ya kugusa, Papa."

"Kila siku?"

"Kila saa."

Akatikisa kichwa. "Mama, mukuba haiko kintu ya kugusa. Iko ya kuangalia." Ananiita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, hata anapokuwa na hasira.

Lakini alifanya kazi kama mtu aliyerudishiwa miaka yake. Alitaka kuchonga majani kwenye vipini. Nikamkataza, kwa sababu uchafu unakaa kwenye mifereji. Alitaka kuweka ndege mdogo kwenye bamba la mlango. Nikakataa na ndege. Alinuna, akaniambia nimesoma mpaka nimekuwa kipofu, kisha akafanya vyote laini kama nilivyotaka. Alifua reli za vitanda sita, vipini vya kabati, mkono wa bomba, na bamba pana la kusukumia mlango. Chini ya kila kimoja aliweka alama yake, nukta tatu ndogo.

Siku ya kuvifunga, hospitali nzima ilikuja kuchungulia. Chumba kilikuwa kinang'aa utadhani jua limeingia kukaa. Akina mama walipiga picha kwa simu. Mganga mkuu alisema, "Sasa njo nasikia wivu," yaani sasa ndipo anaona wivu. Baba alisimama mlangoni na kofia mkononi, na mimi nilijisikia fahari.

Vikang'aa wiki ya kwanza, vikang'aa wiki ya pili, vikang'aa mwezi. Watu walisifu. Mimi sikujiuliza, na hilo silisamehe kirahisi. Nimezaliwa katika nyumba ya fundi wa shaba. Nilipaswa kujua kwamba shaba inayoguswa kila saa haiwezi kubaki hivyo.

Katikati ya mvua, mtoto mmoja wa kike akaanza homa. Tulimhamishia hospitali kubwa ya mjini, na Mungu akamsaidia, akarudi kwao mzima. Lakini siku mbili kabla ya kumhamisha sikulala. Nilikuwa namwona kitandani kwake, kati ya reli zinazong'aa, na nikasema moyoni: basi hata wewe shaba umetudanganya.

Siku iliyofuata nilikuwa napangusa kile kitanda chake. Kwenye reli kulikuwa na mkwaruzo, pengine wa mkasi. Mkwaruzo ulikuwa wa rangi ya kahawia, rangi ya chai kavu, na pande zake zote shaba iling'aa vilevile. Niliuchokonoa kwa ukucha. Kikatoka kigozi chembamba, kinachoonyesha upande wa pili, kama ganda la ndani la kitunguu.

Nilibaki na kile kigozi juu ya kidole. Nilinusa viganja vyangu. Kila mtu aliyekulia kwa fundi wa shaba anajua harufu ile inayobaki mkononi baada ya kushika shaba. Viganja vyangu vilinukia sabuni tu. Muda wote ule hakuna aliyegusa shaba katika chumba kile. Tulikuwa tunagusa vanishi ya Baba, na vanishi haiui kitu.

Kama ulimwengu ungekuwa na huruma, ningeng'oa vile vitu kimyakimya na kumdanganya mzee. Nilifikiria hivyo njia nzima ya kwenda nyumbani. Lakini najifahamu: siwezi kumumunya maneno, na zaidi ya hapo, Baba angekuja siku moja na angeona. Nilimkuta anakunywa chai. Sikuomba hata kikombe.

"Papa, ile verni inabidi itoke," nikasema; verni ndiyo vanishi kwetu.

"Itoke fasi gani?"

"Ku bintu yote ya lopitalo. Mukono haiguse mukuba, iko inagusa verni. Mukuba haifanye kazi."

Aliweka kikombe chini polepole. Aliniuliza juu ya yule mtoto wa homa, kwa maana nilikuwa nimemwambia habari zake. Kisha akasema, "Unataka kusema kazi yangu njo ilifanya mutoto akagonjwa."

"Sijue, Papa. Pengine ni maji, pengine ni mikono yetu. Hakuna muntu anajua. Lakini sitaki kubakia na sijue."

"Hapana," akasema. "Kintu yangu haitembee mu bantu bila verni. Itakuwa nyeusi. Batasema muzee alisha kuisha."

Nilimwambia waseme wanavyotaka. Akaniambia nitoke. Nina miaka hamsini na ushee, nimezaa, nimezika mume, na baba yangu akanifukuza sebuleni kama mtoto aliyevunja sahani, mbele ya Mama ukutani. Nilitoka, lakini sikubadilisha neno.

Siku yangu ya mapumziko nilinunua msasa na chupa ya dawa ya kuyeyushia rangi, nikafungua bamba la mlango, nikakaa nje chini ya kibaraza cha hospitali kwa sababu ya ile harufu, nikaanza. Sikuwahi kufanya kazi vibaya namna ile. Nilikwaruza huku, nikaacha mabaka kule, jasho na dawa vikaingia machoni. Nilikuwa nalia, na nusu tu ya machozi ilitokana na dawa.

Kivuli kikasimama mbele yangu. Baba alikuwa amekuja kwa miguu, mvua imemnyeshea mabegani. Sijui nani alimwambia niko pale. Aliangalia bamba kwa muda, uso umemkunjika kama mtu aliyeng'atwa.

"Unachakura sawa kuku," akasema. "Leta."

Nikampa. Akakaa kwenye kiti changu, akakunja mikono ya shati. Alinionyesha: dawa kwanza, subira, kitambaa, kisha msasa laini, kwa mwelekeo mmoja. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba. Tulifanya kazi siku nne, kitanda kimoja baada ya kingine, tukiwahamisha watoto upande wa pili wa chumba na kuzileta reli nje kibarazani. Siku ya nne akaniuliza, bila kuinua macho, "Itakamata siku ngapi kwa kukuwa nyeusi?"

"Juma moja, mbili. Kahawia kwanza."

"Kahawia," akarudia, kwa sauti ya mtu anayetajiwa ugonjwa wake.

Ikawa kahawia. Penye viganja ikawa na alama za vidole, kona zikawa nyeusi. Malalamiko hayakuchelewa. "Mama, hapa banaacha kupangusa?" "Juu ya nini mulitosha ile ya muzuri?" Bibi mmoja nilimkuta anasugua reli ya mjukuu wake kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua masufuria, na majivu yamemwagika juu ya blanketi ya mtoto. Nilimfokea. Alinifokea pia. Mganga mkuu alipita siku hiyohiyo, akavuta kidole kwenye reli, akakiinua mbele ya uso wangu.

"Hii njo usafi?"

"Njo usafi, Dokta." Nilichukua kitambaa cheupe chenye maji na sabuni, nikapangusa reli toka mwisho hadi mwisho, nikampa akiangalie. Kilikuwa cheupe. Uso wa shaba ulikuwa kahawia vilevile. Alikigeuza kitambaa pande zote mbili, akanirudishia, akaendelea na mzunguko wake.

Aliyenisaidia ni Baba. Alianza kuja mara moja kwa juma, ananawa, anavaa joho la wageni linalomfikia magotini, anasimama kati ya vitanda na kuwaeleza akina mama. "Ile ya kung'ara ilikuwa verni," anawaambia. "Hii njo mukuba yenyewe. Ikikuwa hivi, iko inatumika." Nilimsikia nikiwa mbele ya kabati la dawa, nikageuka ukutani ili asinione. Mtu aliyenichapa kwa ajili ya alama moja ya kidole alikuwa anawasifia watu alama za vidole.

Mvua zilikuwa karibu kukatika, nikaanza kuamini tumeshinda. Asubuhi moja ya Ijumaa nilifika kazini, nikakuta mlango una matundu manne ya parafujo na mraba wa mbao tupu. Bamba limeibwa.

Mganga mkuu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema mwizi wa shaba si mwizi wa mlango tu, ni mtu aliyefika hatua mbili kutoka kwa watoto wachanga. Alikuwa na haki, na nilimwambia ana haki. Halafu nikamwomba mpaka Lundi, yaani Jumatatu: "Dokta, kama Lundi bamba ingine iko ku mulango, na hakuna muntu anaweza kuitosha bila kutosha mulango yote?"

"Na kama haiko?"

"Njo utatosha yote. Sitasema kintu."

"Lundi asubui," akasema. "Fundi ya plastiki atakuwa hapa. Mumoya wenu atafanya kazi."

Baba alijua la kufanya: ribiti. Misumari minene ya shaba inayopita mlango mzima na kugongwa vichwa pande zote mbili, mpaka bamba na mbao viwe kitu kimoja. Lakini karatasi yake ya mwisho ndiyo iliyoibwa. Jumamosi nzima nilizunguka mjini nikitafuta karatasi ya shaba, na nawaambia, katika mji huu wa shaba haipatikani. Inatoka mgodini kwa uzito wa malori, haibaki hata ya kufunika mlango. Wauza vyuma chakavu walinionyesha nyaya zilizochunwa na mabomba yaliyokatwa, wakiangalia pembeni nilipouliza yametoka wapi. Nilirudi nyumbani miguu imevimba, nikamwambia Baba labda tununue kwao, tuyeyushe, tufanye tunavyoweza.

"Mukuba ya bwizi haiingie mu chumba ya batoto," akasema. Sikubisha. Nilikwenda kulala nikijua nimeshindwa.

Jumapili nilikwenda sokoni. Niliporudi nilisikia nyuma ya nyumba mlio wa nyundo ya mti, ile anayotumia kunyoosha. Niliingia sebuleni kuweka kapu. Ukutani kulikuwa na mraba mweupe wa rangi ambayo haijaona jua tangu nilipokuwa mtoto, na misumari minne.

Nilikimbia. Sikumbuki kama nilimwita au nilipiga ukelele tu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, bamba limelazwa chali juu ya gogo laini. Vanishi ilikuwa imekwisha kutolewa. Alikuwa amelipitisha motoni ili lilainike, na sasa anagonga kwa kuzunguka, pole, pole, kuanzia pembeni kwenda katikati. Kinu kilikuwa kimekwisha kulala. Kitenge kilikuwa kimelala. Kilichobaki kimeinuka ni mabega na kichwa kilichoinama upande.

"Papa, acha," nikasema. "Acha. Baweke plastiki yabo. Acha."

"Ulisema laini," akajibu. "Uchafu inakaa mu mifereji. Njo ulisema."

"Sikusema Mama!"

Nilikuwa nimemshika mkono. Alisubiri mpaka nikauachia. Hakuwa analia, mimi ndiye niliyekuwa nalia. Alisema mama yangu aliingia hospitali akitembea, na yeye hakuweza kumfanyia chochote kule isipokuwa kusimama dirishani. Kisha akainua nyundo, akapiga mabega, akapiga kichwa.

Jumatatu tulifika kabla ya jua kuwa kali. Fundi wa plastiki alikuwa amekaa kwenye ngazi na mfuko wake. Baba alipitisha ribiti nane, akanipa nyundo nyingine nishikilie upande wa pili wa mlango, tukagonga yeye huku na mimi kule. Mganga mkuu alikuja, akajaribu kuingiza ukucha chini ya ukingo, akashindwa. Akajaribu ufunguo wake, akashindwa. Aliweka kiganja katikati ya bamba, akasukuma mlango, akaingia kuangalia watoto wake. Fundi wa plastiki alingoja kidogo, kisha akachukua mfuko akaenda zake.

Tangu siku ile imepita misimu kadhaa ya mvua. Sina hesabu ya kuwaonyesha kwamba shaba imemwokoa mtoto huyu au yule. Tunanawa mikono, tunapigania maji, tunapangusa, na shaba inafanya kazi yake humohumo bila kelele. Mganga mkuu ameomba chumba cha kuzalia nacho kiwekewe. Baba amempata kijana wa kumsaidia macho, nami natafuta karatasi za shaba kwa njia za halali, na nitazipata.

Siku ile ya Jumatatu, tulipobaki wawili mlangoni, nilimwuliza Baba kama haumii. Alikuwa anapangusa bamba kwa shati lake, kwa mazoea, akakumbuka akaacha.

"Ku ukuta hakuna muntu alikuwa anamugusa," akasema. "Hapa batamugusa."

Jua la asubuhi likiingia kwa upande, unaweza kuona mstari mmoja ambao nyundo haikuweza kuumaliza, mstari wa mchi. Nilipokuwa na miaka saba nilipanda kiti ili kumfikia. Sasa namfikia bila kupanda kitu. Kila asubuhi naweka kiganja changu pale na kusukuma, shaba ni baridi kidogo, kisha nakwenda kwenye bomba kunawa mikono.